Aibu Isiwe Ngao ya Mwizi: Namna ya Kudai Fedha Zilizopotea kwa Mshauri Asiye Mwaminifu

Mazungumzo ya elimu kwa umma kwa wakazi wa kata



Chukulieni mfano wa muuguzi mstaafu. Amewahudumia wagonjwa kwa zaidi ya miaka 30, amepokea mafao yake ya mkupuo, na kabla hajamaliza kuezeka nyumba anatembelewa na kijana mtanashati anayejitambulisha kuwa mshauri wa uwekezaji. Kijana huyo ana karatasi zenye nembo na mhuri. Anaahidi faida ya asilimia 10 kila mwezi, na kwa miezi miwili faida hiyo inafika kweli. Mwezi wa tatu muuguzi anaongeza shilingi milioni 18. Mwezi wa nne simu ya mshauri haipatikani.

Mfano huu ni wa kutungwa, lakini wapo watakaojiona ndani yake. Na jambo la kwanza analofanya muuguzi huyo ndilo linalomgharimu zaidi: ananyamaza. Anaona haya mbele ya wanawe, anaogopa kuchekwa na majirani, anajipa moyo kwamba kijana atarudi. Wakati yeye amenyamaza, fedha zinahama kutoka akaunti moja hadi nyingine. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Anayeificha hasara yake hampi yeyote nafasi ya kumsaidia.

Kabla ya kudai, yafaa kutenganisha mambo mawili. Uwekezaji halali nao waweza kuleta hasara. Bei ya hisa hushuka, na mtu hawezi kumshtaki mshauri kwa sababu soko limekwenda kombo. Kinachodaiwa ni uongo: mshauri aliyeficha hatari aliyoijua, aliyetumia fedha kwa shughuli nyingine, aliyeghushi nyaraka, au aliyefanya kazi hiyo bila leseni. Mwananchi ajiulize kwanza, je, alipoteza kwa sababu ya soko au kwa sababu ya kudanganywa?

Akiwa na hakika kwamba amedanganywa, saa za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa. Aliyetuma fedha kwa simu awasiliane mara moja na kampuni ya simu. Aliyelipa kupitia benki aende kwenye tawi lake na kutoa taarifa kwa maandishi. Fedha ikiwa bado haijatolewa, upo uwezekano wa kuizuia. Ikishatolewa taslimu, kazi inakuwa ngumu maradufu. Siku hiyohiyo afike kituo cha polisi, aandikishe malalamiko na kupewa namba ya RB. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na sheria hiyohiyo inakataza kuendesha biashara ya upatu, yaani mpango ambao wa mwanzo hulipwa kwa fedha za wanaoingia baadaye.

Pili, akusanye ushahidi. Mali bila daftari huisha bila habari. Mkataba, stakabadhi, taarifa ya benki, ujumbe wa miamala, sauti na picha zilizotumwa kwenye simu, vyote vitunzwe, na nakala ziwekwe mahali pengine. Mtu asifute mazungumzo kwa hasira. Kisha aandike kwa mtiririko wa tarehe: nani alisema nini, wapi, mbele ya nani, na kiasi gani kilitolewa siku ipi. Ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri humsaidia mpelelezi kuliko saa nzima ya maelezo yaliyochanganyika na machozi.

Tatu, abishe mlango unaostahili. Washauri wa uwekezaji, madalali wa hisa na mameneja wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mabenki na watoa huduma ndogo za fedha wako chini ya Benki Kuu ya Tanzania. Mawakala wa bima wako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Vyama vya akiba na mikopo vinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha husajiliwa kupitia halmashauri. Mshauri mwenye leseni ana cha kupoteza, kwa kuwa msimamizi anaweza kumwita, kumhoji na kumfutia leseni. Asiye na leseni hubaki mikononi mwa polisi na mahakama.

Hapa pana kosa moja la kawaida. Wengi hudhani kila fedha iliyopotea hulipwa na Bodi ya Bima ya Amana. Bodi hiyo hulinda amana za wateja wa benki iliyofungwa, hadi shilingi milioni 7.5 kwa kila mteja. Fedha aliyokabidhiwa mshauri wa mitaani haimo katika kinga hiyo.

Nne, mahakama. Kesi ya jinai huendeshwa na Jamhuri, na mshtakiwa akitiwa hatiani, mahakama inaweza kumwamuru alipe fidia. Pamoja na hilo, mwananchi anaweza kufungua shauri la madai. Deni litokanalo na mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linaweza kusikilizwa katika Mahakama ya Mwanzo, hivyo muuguzi wa mfano wetu halazimiki kwenda mbali. Waliodanganywa wakiwa wengi, waungane kubadilishana taarifa, lakini kila mmoja awe na maelezo na vielelezo vyake. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize kuhusu msaada wa kisheria unaotolewa chini ya Sheria ya mwaka 2017. Wala asikawie: madai ya mkataba kwa kawaida yana ukomo wa miaka 6.

Mara nyingi, akiona polisi wamekaribia, mshauri huleta ndugu zake kuomba yaishe nyumbani. Suluhu si dhambi. Hata hivyo iandikwe, ishuhudiwe, na malalamiko yasiondolewe kwa ahadi tupu kabla fedha haijaingia mkononi.

Ukweli hauna budi kusemwa: si kila shilingi hurudi, na inayorudi huweza kuchelewa. Wengi wanaikumbuka DECI, ambako watu walihimizwa "kupanda mbegu" na kungoja mavuno. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na viongozi wake walitiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu mwaka 2013. Kati ya kusimamishwa na hukumu ilipita miaka 4. Ndiyo maana siku ya kwanza ina uzito kuliko mwaka wa kwanza.

Tano, na hili lishikwe sana: ajihadhari na mwizi wa pili. Majina ya waliotapeliwa huuzwa na kupitishwa kati ya matapeli. Baada ya miezi kadhaa hupiga simu mtu mwenye sauti ya upole, akijiita wakili, ofisa wa benki au askari, akisema fedha zimepatikana na kinachohitajika ni "ada ndogo" ya kuzitoa. Mwenye jeraha bichi huamini upesi. Kuandikisha malalamiko polisi hakulipiwi, na hakuna ofisi ya umma inayotaka malipo kwenye namba binafsi ya simu. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, utumwe kwenda 15040.

Mwisho, familia zina sehemu yao. Mzee aliyepoteza mafao anapokaribishwa kwa kejeli, hujifungia na siri yake, na pengine hutafuta mchezo mwingine wa kurudisha alichopoteza. Akisikilizwa, huenda akakumbuka namba ya akaunti, jina la shahidi, au mahali mshauri alipopanga. Swali "Ulikuwaje mjinga hivyo?" halijawahi kurudisha hata senti. Swali linalofaa ni hili: "Karatasi ziko wapi, twende kituoni?"

Mwananchi mwenye shaka juu ya mshauri au kikundi chochote anakaribishwa kwa Mtendaji wa Kata au Afisa Maendeleo ya Jamii kwa maelekezo, na ni vyema afike kabla hajatoa fedha.