Arusi ya Kihindu na Hatua Zake Saba

 Jioni hii nataka kuwaelezeni desturi za arusi ya Wahindu. Wengi wetu tumenunua sukari na vitambaa katika maduka yao tangu utoto, na ngoma za arusi zao tumezisikia zikipita barabarani. Lakini ni wachache waliopata kuingia ndani na kuuliza maana ya mambo waliyoyaona. Na mtu asiyeuliza hujitungia jawabu mwenyewe. Husema kwamba Wahindu huabudu moto, au husema kwamba Wahindu humnunua mume. Maneno haya mawili nimeyasikia mara nyingi, nami nitayajibu kila moja mahali pake.

Kwanza tutenge majina. Mhindi ni mtu ye yote ambaye asili yake ni Bara Hindi. Mhindu ni yule afuataye dini ya Kihindu, ambaye watu wa pwani tangu zamani humwita Banyani. Basi si kila Mhindi ni Mhindu. Waismailia na Mabohora ni Waislamu; Wagoa wa huku kwetu walio wengi ni Wakristo; na Makalasinga wana dini yao wenyewe, nao katika ndoa hukizunguka kitabu chao kitakatifu mara nne, wala hawauzunguki moto. Wahindu wa Moshi wengi wao asili yao ni Gujarati, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na biashara ya mji ikakua pamoja nayo. Baada ya mwaka 1971, serikali ilipoyataifisha majengo ya kupangisha, wengi walihamia Uingereza, Kanada na kwingineko. Waliobaki wangali wana hekalu lao mjini, na siku ya arusi jamaa zao hurudi kutoka nchi hizo.

Kutafuta mchumba kwao ni kazi ya wazee, ingawa siku hizi vijana wengi hujitafutia wenyewe, kisha huomba idhini. Kuna jambo moja hapa ambalo Mchaga atalifahamu mara moja. Wahindu wengi wana ukoo mkubwa uitwao gotra, unaohesabiwa kwa upande wa baba, na watu wa gotra moja hawaoani, hata kama hawajapata kuonana. Wale waitwao Patel wana desturi zaidi. Vijiji vyao huko Gujarati vimefungwa kama duara. Kijana hukatazwa kuoa kijijini pake, lakini hutakiwa aoe ndani ya lile duara. Mzee wa Kichaga anayeuliza, “Binti huyu ni wa ukoo gani?” kabla hajauliza jina lake, angeketi vizuri sana na wazee hao.

Baada ya kukubaliana hutafutwa siku. Siku haichaguliwi kwa sababu ukumbi uko wazi. Kuhani wao, ambaye Wagujarati humwita maharaji, huitazama kalenda ya nyota na kuwaambia siku na saa. Kuna majira yasiyofaa kabisa, na mojawapo ni tangu katikati ya Desemba hata katikati ya Januari, jua linapokuwa katika nyota ya Kausi, yaani Mshale. Fikirini jambo hilo! Mwezi ule ule ambao Wachaga wote wanapanda mlima kutoka kila pembe ya nchi, na kila kihamba kina arusi, majirani zetu Wahindu kwa desturi hawafungi ndoa.

Siku ya kutangulia arusi, au asubuhi ile ile, wanawake huwapaka bwana arusi na bibi arusi manjano yaliyopondwa, kila mmoja nyumbani kwao, ili ngozi ing'ae na mabaya yakae mbali. Bibi arusi hutiwa hina mikononi na miguuni. Mambo hayo watu wa pwani wanayajua, basi sitakawia hapo.

Siku yenyewe bwana arusi huja kwa maandamano, na jamaa zake wakicheza mbele yake. Mlangoni mama wa bibi arusi humpokea kwa taa na mchele, kisha hunyosha mkono ajaribu kumshika pua! Kijana hurudi nyuma, rafiki zake humkinga, na watu wote hucheka. Mgeni asiyejua huweza kudhani pana ugomvi. Maana yake ni kumkumbusha kwamba amekuja kuomba. Hata awe tajiri namna gani, leo amesimama mlangoni pa watu akitaka binti yao.

Ndani hujengwa banda dogo la nguzo nne lililopambwa maua, nalo huitwa mandapu. Bibi arusi huletwa hapo na mjomba wake, ndugu wa mama yake. Mjomba huyo ana heshima kubwa. Yeye ndiye aletaye zawadi za upande wa mama, na mara nyingi ile sari nyeupe yenye nyekundu anayovaa bibi arusi hutoka kwake. Na hapa lugha zetu zinafanya mzaha, kwa maana katika Kigujarati mjomba huitwa “mama”. Ukisikia Mgujarati akisema kwamba mama ndiye aliyemleta bibi arusi, usishangae kumwona mzee mwenye masharubu.

Kati ya wawili hao hunyoshwa kitambaa, wasionane mpaka saa iliyowekwa. Saa ikifika kitambaa huondolewa, nao huvikana mashada ya maua. Baba na mama wa binti huuchukua mkono wake wa kuume na kuuweka katika mkono wa kuume wa bwana arusi, kisha nguo zao hufungwa fundo. Tendo hilo Wahindu huliita zawadi ya binti, na wanaona kwamba hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo ambayo mzazi aweza kuitoa. Nimewaona akina baba wenye moyo mgumu katika biashara wakishindwa kuyamaliza maneno yao hapo.

Ndipo huwashwa moto katika chombo kidogo cha chuma au shaba, nao hulishwa samli na nafaka. Sasa nijibu neno la kwanza. Katika dini yao moto huchukua sadaka za watu kuzifikisha juu, tena ni shahidi. Sisi tunapoapa mbele ya kadhi, mchungaji au mkuu wa wilaya, tunamtaka shahidi ambaye atakumbuka. Wao shahidi wao ni moto. Anayedhani kwamba wanauinamia kama sanamu hajasikiliza yasemwayo.

Kwa desturi ya Wagujarati, wawili hao huuzunguka moto mara nne. Kila mzunguko una maana yake: wajibu, riziki, mapenzi, na wokovu wa roho. Ndugu wa kiume wa bibi arusi humtilia nafaka mikononi ili azitoe motoni, kana kwamba anasema, “Dada yangu hajaachwa peke yake.” Baada ya mzunguko wa nne wawili hukimbilia viti vyao, kwa maana husemwa kwamba atakayetangulia kuketi ndiye atakayetawala nyumba. Hapo hata maharaji hucheka.

Kisha huja hatua saba, nazo ndizo kiini cha mambo yote. Huwekwa mafungu saba madogo ya mchele, au popoo saba, na katika kila hatua kunatajwa ombi na ahadi. Hatua ya kwanza ni ya chakula. Ya pili, nguvu. Ya tatu, mali. Ya nne, raha. Ya tano, watoto. Ya sita, majira ya maisha. Na ya saba? Mtu angetazamia hapo neno la utii, au la heshima ya mume. Lakini hatua ya saba ni ya urafiki. Mume humwita mke wake rafiki. Maneno hayo ni ya kale mno, nayo husomwa kwa Kisanskriti, lugha ambayo wengi wa wanaoolewa hawaifahamu. Ndiyo maana maharaji mwema husimama na kuyafasiri.

Hatua hiyo ya saba si pambo. Sheria ya Ndoa ya Wahindu iliyopitishwa huko India mwaka 1955 inasema kwamba mahali desturi ya hatua saba inapofuatwa, ndoa hukamilika na kufunga pale hatua ya saba inapokanyagwa. Na mwaka 2024 Mahakama Kuu Kabisa ya India iliamua shauri la watu wawili waliokuwa na cheti cha ndoa lakini hawakufanya ibada yo yote. Ikasema kwamba cheti peke yake hakifanyi ndoa ya Kihindu. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huihesabu ndoa kama hiyo kuwa ya mke mmoja. Na Kenya, katika sheria yao ya mwaka 2014, wameitaja ndoa ya Kihindu kwa jina lake.

Sasa nirudi kwenye neno la pili. Mwanafunzi wangu mmoja chuoni aliniuliza, “Mwalimu, mbona Wahindu baba wa binti ndiye anayetoa mali? Je, si kumnunua mume?” Darasa likacheka. Nikawaambia kwamba yupo pia mtoto wa Kihindu anayemwuliza mwalimu wake, “Mbona Wachaga hutoa ng'ombe, mbuzi na mbege? Je, si kumnunua mke?” Kicheko kikakoma.

Mali ambayo binti wa Kihindu hupewa na wazazi na jamaa, hasa dhahabu, kwa asili ni yake mwenyewe, nayo ina jina lake, stridhan, yaani mali ya mwanamke. Ni akiba yake siku ya shida. Ubaya huingia pale wakwe wanapoanza kudai: kwanza fedha, kisha gari, kisha nyumba. India ilikataza kudai na kutoa mali ya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1961. Hata hivyo, katika mwaka 2022 peke yake, polisi wa huko waliandika vifo zaidi ya 6,000 vya wanawake vilivyohusiana na madai hayo. Na sisi tusijione wema. Sheria yetu ya 1971 inasema kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikutolewa. Walakini wako wazee mlimani wanaomhesabia kijana elimu ya binti yao darasa kwa darasa, kama muuza duka anayejumlisha hesabu. Mimi naona dhahabu ya Mhindu na ng'ombe wa Mchaga zote ni heshima maadamu hazijageuka kuwa deni la mtu.

Jioni bibi arusi huaga. Huchukua mchele kwa mikono miwili na kuurusha nyuma juu ya kichwa chake, asigeuke, ili nyumba ya baba yake isipungukiwe. Hapo wote hulia, hata wale waliokuwa wakicheza. Anapofika kwa mumewe hukuta kizingitini chombo kilichojaa mchele, hukisukuma kwa mguu wa kuume, nao mchele humwagikia ndani: neema imeingia pamoja naye. Kisha wawili hao hutafuta pete iliyofichwa katika bakuli la maziwa na maji yaliyotiwa unga mwekundu, mara kadhaa, kila mmoja akipapasa kumshinda mwenzake. Mchezo huo una akili. Katika ndoa za zamani ndipo vidole vyao vilipozoeana kwa mara ya kwanza bila macho ya wazee.

Ukialikwa, vua viatu kabla hujakaribia mandapu. Usitazamie ndafu, maana mara nyingi hakuna nyama wala pombe. Lakini utakula wali, dengu, maharagwe na vitu vitamu hata usiweze kuinuka. Ukitoa fedha, jua kwamba wao hupenda hesabu inayoishia na moja, kama 101 au 501, kwa kuwa hesabu iliyotimia imekwisha, na ile moja ni mwanzo wa nyingine. Sisi ambao sarafu ya shilingi moja imekwisha kututoka mikononi, itatubidi tutafute hila.