Nani Atarithi Vijahazi Vyangu?

(Mazungumzo ya mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wetu wa mwaka, baada ya chakula cha mchana.)



Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze, alisema nichague jambo lolote nilijualo vizuri, mradi nisipite dakika ishirini. Mimi nilikuwa karani wa hesabu bandarini kwa miaka 36, na najua hakuna apendaye kusikia habari za hesabu baada ya pilau. Basi nitasema juu ya uraibu wangu, ambao wengi wenu mmewahi kuucheka. Mimi huunda vyombo vya bahari vya mfano. Ninavyo 31 nyumbani: majahazi, mashua, ngalawa, kotia, bumu na sambuki. Kikubwa kina urefu wa mkono mmoja na nusu. Kidogo kaeni katika kiganja.

Mwaka huu daktari ameniambia moyo wangu umechoka. Msinisikitikie, nimekula chumvi ya kutosha. Lakini niliporudi nyumbani siku ile niliketi nikavitazama vile vyombo, nikajiuliza swali ambalo nataka niwaulize nanyi: mwenye vitu hivi akifa, vinakwenda wapi?

Jibu la swali hilo nilikwisha kulipata mara moja, nalo ni la aibu yangu mwenyewe. Nitawaeleza.

Wazee wenzangu mtamkumbuka mwalimu wetu wa useremala. Wakati wa kaskazi, vyombo vilipokuja kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi vikatia nanga Bandari ya Kale, alikuwa akitupeleka kuvitazama. Sisi tulitaka tende. Yeye alipanda chomboni na kamba yake ya kupimia, akakaa na nahodha, akauliza mkuku una pima ngapi, foromali imeungwa kwa miti mingapi, kwa nini mataruma ni ya mti huu na mbao za ubavuni ni za mti ule. Yote aliyaandika katika daftari la jalada gumu. Akirudi nyumbani aliunda mfano wa chombo kile tangu omo hata tezi. Alipostaafu alikuwa na vyombo 23, na kila kimoja kilikuwa na nambari iliyokwenda na ukurasa wake katika daftari.

Mwalimu alifariki mwaka 1984. Baada ya arubaini mjane wake aliniita, akaniambia, "Mwanangu, mwalimu wako ameacha vyombo vyake. Nyumba hii ni ya kupanga, nami nahamia kwa ndugu yangu. Wewe ndiwe uliyekuwa ukija kumsaidia. Njoo uvichukue." Nikamjibu, "Inshallah mama, Jumapili ijayo." Jumapili hiyo tulikuwa tukifunga hesabu za mwezi. Jumapili ya pili palikuwa na harusi. Nilikwenda baada ya miezi mitatu na kitu.

Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nilikuta vyombo saba vikubwa vimenunuliwa na mtu auzaye mapambo kwa watalii, naye alikwisha viuza. Vidogo vyenye matanga vilichukuliwa na watoto wa mtaa, wakavishindanisha pwani siku ya Idi, na bahari ikavitwaa. Vingine vilivunjika katika kuhama. Mama yule hakukosa lolote. Alingoja, na mimi ndiye sikuja.

Lililoniuma zaidi lilikuwa daftari. Lilitolewa pamoja na magazeti ya zamani, likaenda kwa muuza njugu. Kijana mmoja wa jirani, aliyenijua, aliniletea ukurasa mmoja aliofungiwa njugu, umelowa mafuta. Ulikuwa na mwandiko wa mwalimu: vipimo vya mkuku na mlingoti, kisha maneno, "Nahodha aniambia tanga la chombo hiki hukatwa..." na hapo karatasi imechanika. Miaka arubaini sasa najiuliza tanga lile hukatwaje. Nahodha hayupo, mwalimu hayupo, chombo hakipo.

Nilipata chombo kimoja tu, nacho hakikutakiwa na mtu. Kilikuwa mtepe. Hakikupakwa rangi, tanga lake la mkeka lilikuwa limeliwa, na ubavuni kilijaa nyuzi kama nguo iliyotiwa viraka. Nataka vijana mjue kitu hicho ni nini, ndipo mfahamu kwa nini nasumbuka.

Mtepe ni chombo cha pwani yetu hii, na sifa yake ilikuwa Lamu na visiwa vyake. Mbao zake hazikupigwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kushikizwa kwa vijiti vya mti. Tanga lake lilikuwa la mraba, la mkeka, na omo yake ilinyoshwa mbele kama shingo ya ngamia. Bwana mmoja Mwingereza, James Hornell, aliandika juu yake mwaka 1941, na wakati huo mitepe ilikuwa imekwisha toweka. Leo hakuna mtepe wa zamani hata mmoja uliobaki. Tuujuao tunaujua kwa picha chache, kwa maandishi kama hayo, na kwa mifano midogo iliyoundwa na watu ambao labda majirani zao waliwacheka kama mnavyonicheka mimi.

Mwaka 2003 mafundi wa Unguja waliunda mtepe mkubwa, ukaitwa Shungwaya, ukawekwa ndani ya Beit el Ajaib. Hawakuwa na mtepe wa kwenda kuupima. Ilibidi wategemee picha na mifano. Kile tukiitacho mchezo wa mzee aliyestaafu ndicho kilichokuwa mwalimu wa mafundi. Basi msiseme kwamba vitu hivi ni vidogo.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila mkusanyo huokoka. Nimesoma habari za wenzetu wa nchi nyingine, nami nitawapeni mifano mitatu tu.

Wa kwanza ni John Allen wa Monterey, California. Yeye aliunda reli ya mfano, yenye milima, madaraja na miji, akaipa jina la Gorre & Daphetid. Wapenzi wa reli za mfano waliijua katika nchi nyingi. Alifariki Januari 1973. Siku kumi baadaye nyumba ilishika moto, na sehemu kubwa ya kazi yake ikateketea. Yaliyobaki hasa ni picha, maana alikuwa pia mpiga picha hodari.

Wa pili ni tajiri mmoja Mmarekani, Henry Huddleston Rogers. Alikusanya mifano ya meli za kale, na katika wosia wake aliiachia shule ya maofisa wa jeshi la majini huko Annapolis. Alifariki mwaka 1935, na mifano 108 ikapata mwenyewe mpya. Angalieni alivyochagua: hakuwapa wasioijua bahari. Aliwapa vijana waliokuwa wakijifunza kazi ya bahari.

Wa tatu ni Peter Tamm wa Hamburg, Ujerumani. Alianza na meli moja ndogo aliyopewa na mama yake mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka sita. Akaendelea kukusanya mpaka akawa na maelfu kwa maelfu. Huyu hakungoja kufa. Mwaka 2008 jumba la makumbusho la mkusanyo wake lilifunguliwa katika ghala la zamani la bandari, naye akaishi kuliona likitembelewa mpaka alipofariki mwaka 2016.

Mmoja alikutwa na kifo kabla kazi yake haijapata makao mapya, wa pili aliandika wosia, wa tatu alitoa akiwa hai. Sisi si matajiri kama hao wawili wa mwisho, lakini njia ni zile zile, na kwa uzoefu wangu nina mambo manne ya kusema.

La kwanza ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa karani na methali hii niliisema kila siku kazini, lakini sikuifahamu mpaka nilipouona ukurasa ule wa njugu. Chombo kisicho na maelezo ni pambo. Andika ni chombo cha namna gani, umekipima wapi, nani aliyekueleza, mti gani, mwaka gani. Kisha usiandike daftari moja. Hata jumba la makumbusho si la milele: sehemu ya hiyo Beit el Ajaib niliyoitaja ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Daftari langu lina nakala tatu katika nyumba tatu.

La pili, msiwafunge watoto wenu. Nilipowauliza wangu wanne, walinitazama kwa heshima, wakanyamaza, nami nikafahamu. Wao wanakaa katika vyumba vya kupanga, na jahazi lenye mlingoti halikai juu ya friji. Nikawaambia, kila mmoja achague kimoja akipendacho, na vilivyobaki havimhusu. Binti yangu alichagua ngalawa mbovu kuliko zote, kwa sababu niliichonga usiku wa kungoja azaliwe. Mapenzi ya mtoto kwa baba hayapimwi kwa kulinda kabati la baba yake.

La tatu ni sheria. Mimi si kadhi wala wakili, kawaulizeni wenyewe. Ila jueni kwamba kwa sisi Waislamu wosia hauzidi theluthi ya mali, wala mrithi hausiwi ila warithi wenzake wakiridhia. Na zawadi ya uhai haitimii kwa maneno tu: ukisema nimempa fulani, na kitu kimebaki kabatini kwako mpaka ukafa, umewaachia watu ugomvi. Mkabidhi. Kwa wasio Waislamu, sheria ya urithi ya Kenya ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika 1981, inataka wosia ulioandikwa uwe na sahihi za mashahidi wasiopungua wawili. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili waweza kukubaliwa, lakini mtu akiishi zaidi ya miezi mitatu tangu auseme, umekwisha. Basi andikeni.

La nne, toa ungali hai, na mpe anayekitaka kitu. Wako wasemao kwamba makumbusho yatachukua kila kitu. Sivyo. Makumbusho huuliza kitu kimetoka wapi na kina habari gani, na nafasi yao si kubwa. Kuuza nako si dhambi. Mtu aliyenunua kwa fedha yake mara nyingi hutunza kuliko aliyerithi bila kutaka. Dhambi ni kuwaachia mjane na watoto fumbo, wakiwa katika msiba, walifumbue wao.

Sasa nakuja kwenye haja yangu, Bwana Mwenyekiti, na dakika zangu zinakwisha.

Mlangoni pale kuna masanduku mawili. Ndani yake mna vyombo 12, na kila kimoja kina nambari. Pamoja navyo mna nakala moja ya daftari. Nimezungumza na Mwalimu Mkuu, naye amekubali kuvipokea leo mbele yenu, ili pasiwe na mtu wa kusema kesho kwamba mzee yule alisema tu. Ninaomba mambo matatu. Kabati la kioo lenye kufuli, liwe mbali na jua la dirishani na miguu yake ilindwe na mchwa: fedha za mbao nitatoa mimi, za kioo naiomba kamati. Wanafunzi wawili kila mwaka wapewe ufunguo, wavifute vumbi na kukagua nyuzi. Na ikiwa siku moja shule haitakuwa na haja navyo, ina ruhusa yangu kuvitoa kwa mwingine, mradi daftari liende pamoja navyo. Sitaki shule ifungwe na maiti.

Chombo cha kumi na mbili ndicho mtepe wa mwalimu wetu. Nimeushonea tanga jipya la mkeka, na kuandika katika daftari kwamba tanga si lake, ni langu, asije mtu akadanganyika. Mahali pa kuandika mwalimu aliupima wapi na nani aliyemweleza, nimepaacha wazi.

Nawaomba wazee wenzangu, mkirudi makwenu fungueni masanduku. Huenda yupo miongoni mwetu mwenye chombo cha mwalimu alichopewa siku ya kumaliza shule, au picha yake akiwa na kamba ya kupimia Bandari ya Kale, au hata ukurasa mmoja wa daftari lile. Uleteni. Nanyi vijana, ikiwa mna babu ambaye huketi barazani akichonga, akishona au akikusanya kitu msichokielewa, msingoje Jumapili ijayo. Nendeni leo jioni na kalamu, mkamwulize.