Mzazi Pembeni mwa Uwanja: Shangilia, Kocha Afundishe

Hotuba kwa wazazi wa wachezaji chipukizi, uwanja wa Kihumbuini, Kangemi



Kila wikendi uwanja huu hujaa watoto, sawa na viwanja vya Riruta na Woodley. Asanteni kwa kuja. Mtoto akimwona mzazi wake pembeni, hucheza kwa moyo. Lakini leo naomba tuzungumze kuhusu maneno tunayoyatoa tukiwa hapo pembeni.

Mtazame beki wa miaka kumi akipokea mpira. Kocha amemfundisha wiki nzima kutoa pasi fupi. Baba anapaza sauti, "Piga mbele!" Mama wa mwenzake anaitikia, "Rudisha kwa kipa!" Mtoto anainua macho kututazama, na mpira unachukuliwa. Kisha tunamlaumu yeye. Uwanjani ndipo mtoto hujifunza kuamua mwenyewe, tena kwa haraka. Tukimwamulia, tumemnyima somo lenyewe.

Tumkumbuke na refa. Mara nyingi anayechezesha mechi za watoto ni kijana wa mtaa ambaye bado anajifunza kazi. Akitukanwa na watu wazima kila wiki, ataacha filimbi, na siku moja tutafika hapa tukose wa kuchezesha. Sheria za soka pia zinampa uwezo wa kusimamisha au kuvunja mechi ikiingiliwa na watu wa nje. Mzazi akivamia uwanja kugombana, wanaopoteza ni watoto wa timu zote mbili.

Mfano mzuri tunao hapa hapa jijini. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka wa 1987, kina kadi ya kijani. Refa humpa mchezaji aliyeonyesha nidhamu na uungwana kuliko wote. Kama mtoto anaweza kutuzwa kwa nidhamu, je, sisi tukipimwa kwa kadi hiyo tutaipata?

Nawaomba mambo manne:

1. Simama hatua chache nyuma ya mstari, wala si nyuma ya goli.
2. Shangilia juhudi, hata za timu pinzani. Maelekezo mwachie kocha.
3. Usibishane na refa. Ukiwa na malalamiko, mweleze kocha au mwandalizi baada ya mechi, hasira ikishatulia.
4. Mzazi mwenzako akipandwa na hasira, mvute kando kwa upole. Usimchochee.

Na mkirudi nyumbani, iwe kwa miguu au kwa matatu, usianze kuchambua makosa. Muulize mtoto kama amefurahia mchezo, kisha msikilize. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hapa pembeni pia tunalea.

Nawatakia mechi njema.