Sauti ya Banda la Video

Leo tunaingia kwenye banda la video.

Televisheni ilianza kurushwa Tanzania Bara mwaka 1994. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye, watu wengi wa Temeke, Mbagala, Manzese na Tandale jijini Dar es Salaam walitazama filamu mabandani: runinga moja juu ya meza, deki pembeni, mabenchi ya mbao, na pazia zito mlangoni kuzuia mwanga. Filamu zilitoka Hong Kong, India na Marekani, baadaye Nigeria. Lugha zake wengi hawakuzielewa, basi akatafutwa mtu wa kutafsiri.

Aliyevuma kuliko wote ni Derek Mukandala, ambaye mji ulimjua kwa jina la Lufufu. Alisimulia kwa kipaza sauti mbele ya watazamaji, na baadaye sauti yake ikaingizwa kwenye kanda zikauzwa. Neno kutafsiri linampunja. Alieleza desturi za ugenini, alimkemea adui, alimhurumia mama mwenye shida. Mwanaanthropolojia wa Ujerumani, Matthias Krings, aliifananisha kazi hii na kugeuza wali kuwa pilau. Nakubaliana naye kabisa: mchele ni uleule, viungo ni vya kwetu.

Watazamaji nao hawakukaa kimya. "Geuka, yuko nyuma yako!" mtu wa benchi la mbele alipaza sauti, na wa nyuma akamtuliza: staringi hafi. Filamu ikiisha, ubishi ulihamia nje, kwenye kahawa na kashata. Yule mke alikosa nini? Yule baba alistahili kusamehewa? Kwangu mimi huo ni uhakiki kamili. Watu walipima tabia za wahusika, wakapima na hadithi yenyewe, bila kusubiri kufundishwa na mtu. Anayeandika historia ya sanaa yetu akayaruka mabanda, ameacha pengo kubwa.

Sasa kanda zinaharibika. Joto na unyevu wa pwani huuotesha utepe ukungu, na deki mpya hazipatikani. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016.

Msikilizaji wangu wa Tandika, wa Magomeni, kama juu ya kabati lako kuna kanda yenye sauti ya Lufufu, usiitupe. Ipanguse vumbi, iweke pakavu, umtafute mwenye deki nzima aihamishie kwenye kompyuta.