Mtoto Aliyezaliwa Majuma Machache Kabla ya Wakati

 

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mtoto njiti, lakini si yule mdogo sana alazwaye ndani ya sanduku la joto hospitalini. Huyo kila mtu humhofia. Nasema juu ya mwenziwe, aliyezaliwa baada ya majuma 34 ya mimba kutimia lakini kabla ya 37, na hali mimba kamili huhesabiwa majuma 40. Huyu huenda akazaliwa na kilo mbili na nusu hivi, analia vizuri, na baada ya siku chache mama huambiwa arudi nyumbani. Hapo ndipo tunapodanganyika.

Wako wasemao kwamba mtoto wa miezi saba hupona, na wa minane hufa. Neno hili ni la kale, hata Wayunani wa zamani walilisema, wala si kweli. Kila juma tumboni humwongezea mtoto nguvu. Katika juma la 34 ubongo wake una uzito wa kama theluthi mbili tu ya ule atakaokuwa nao siku zake zikitimia.

Basi tuangalie kwanza kunyonya. Mtoto huyu hulala mno. Hunyonya kidogo, huchoka, husinzia na chuchu i kinywani. Jirani huja kutazama, akasema, "Hongera, mwenzangu, umepata mtoto mpole, halii!" Mama, usifurahi upesi. Huenda hana nguvu za kukulilia. Mwamshe kila baada ya saa tatu, hata usiku, apate kunyonya mara nane au zaidi mchana na usiku. Akishindwa, kamua maziwa umpe kwa kikombe kisafi.

Kisha kuna umanjano. Si ile homa ya manjano iletwayo na mbu. Hii ni rangi itokayo katika damu, ambayo ini changa halijaweza kuiondoa. Kwa njiti huzidi mnamo siku ya tano hata ya saba, mama akiwa amekwisha kurudi kwake. Mtazameni mchana penye mwanga: weupe wa macho, viganja na nyayo. Viganja au nyayo zikiwa za manjano, au akikataa ziwa, au akipoa mwili, au akipumua kwa shida, mpelekeni hospitali siku ile ile. Huko hulazwa chini ya taa maalum ya buluu. Kumwota jua nyumbani hakutoshi, na kuchelewa kwaweza kumharibu ubongo na masikio.

Kumtia joto hakuhitaji fedha. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Colombia, Daktari Edgar Rey alianza kuwafunga njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu. Siku hizi Shirika la Afya Duniani lashauri jambo hilo lianze mara tu mtoto azaliwapo. Baba naye ana kifua.

Sasa chukueni kalamu. Mtoto alizaliwa tarehe 10 Machi, na siku yake ilikuwa 14 Aprili. Amewahi majuma matano. Tarehe 10 Novemba ana miezi minane kwa hesabu ya kuzaliwa, lakini kwa hesabu ya siku yake hajatimiza saba. Mama mkwe akisema, "Mbona wa jirani alikaa zamani?" mwonyesheni hesabu hii ya pili. Ndiyo ya kupimia kukaa, kutambaa na kusimama, mpaka afikie miaka miwili. Lakini isiwe kisingizio: akitimiza miezi tisa kwa hesabu hiyo naye hawezi kukaa peke yake, apelekwe akapimwe.

Chanjo hazifuati hesabu ya pili. Zile za majuma 6, 10 na 14 huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa hasa, wala asicheleweshwe kwa sababu ni mdogo. Tena, akiba ya madini ya chuma mtoto huipata zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, naye njiti ametoka kabla haijajaa. Mwulizeni mganga wa kliniki juu ya dawa ya matone, na mwombeni aandike tarehe zote mbili juu ya kadi yake.