Tusome Dira Pamoja na Daftari la Fedha

(Maelezo ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za miradi za sharika, Bariadi)



Nimeombwa nizungumzie ukaguzi wa miradi ya maji. Nitaanza na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikabidhi kisima chenye pampu katika kijiji kimoja. Mwisho wa mwaka mkaguzi alipitia vocha, stakabadhi na taarifa ya benki, akakuta kila kitu sawa. Mimi ndiye niliyesaini taarifa iliyokwenda kwa wafadhili. Nilipofika kijijini baadaye, niliwakuta akina mama wakifukua mchanga mtoni kutafuta maji. Pampu ilikuwa imesimama miezi mitano. Hesabu zilikuwa za kweli, lakini hakuna aliyeuliza kama maji yanatoka.

Ndugu zangu, kuna ukaguzi wa hesabu na kuna ukaguzi wa ufanisi. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 inampa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG, kazi zote mbili. Mamlaka ya maji ikipata hati inayoridhisha, maana yake ni kwamba hesabu zake zimeandaliwa ipasavyo. Haina maana kwamba bomba la mtaani kwako linatoa maji. Hilo hupimwa kwa maswali mengine: maji hutoka saa ngapi kwa siku, ni salama kiasi gani, na mangapi yanapotea njiani. Kwa mamlaka za mijini, EWURA hupima mambo hayo na kutoa taarifa kila mwaka. Upotevu unaovumilika ni asilimia 20. Vyombo vya watumia maji vijijini viko chini ya usimamizi wa RUWASA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Sisi wa Simiyu ni wakulima wa pamba. Hakuna mkulima anayeridhika na stakabadhi kabla hajatazama mizani. Basi dira ndiyo mizani ya maji.

Tuchukue mfano. Dira kuu ya kisimani inaonyesha uniti 600 kwa mwezi, na maji yaliyouzwa ni uniti 390. Zimepotea uniti 210, sawa na asilimia 35. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Kwa hiyo zimepotea ndoo 10,500. Kama ndoo ni shilingi 50, hizo ni shilingi 525,000. Daftari la fedha peke yake halitaonyesha hasara hiyo, kwa sababu fedha hizo hazikuingia kamwe. Si lazima iwe wizi. Huenda bomba linavuja, dira ni mbovu, au kuna wanaochota bila kuandikwa. Lakini bila kulinganisha, hatutajua.

Naomba tukubaliane mambo matatu. Kwanza, dira isomwe kila siku na kuandikwa, na anayeisoma asiwe yule anayepokea fedha. Pili, mapato, matumizi na siku ambazo maji hayakutoka visomwe mbele ya mkutano wa kijiji kila miezi mitatu, pamoja na akiba ya matengenezo. Tatu, wafadhili wetu watuulize habari za mradi hata baada ya makabidhiano, na bajeti iwe na fungu la kurudi kuukagua. Swali lenu halituvunjii heshima, linatusaidia.

Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha zaidi ya euro milioni 100, kupitia benki ya KfW ya Ujerumani, kwa mradi mkubwa wa Simiyu, ambao kiini chake ni kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani kwetu. Fedha nyingi namna hiyo zina wakaguzi wake. Lakini koki ya kijijini itakaguliwa na nani kila siku, kama si sisi tunaochota hapo? Kamati iliyozoea kusoma dira ya kisima kidogo itajua pia la kuuliza kuhusu bomba kubwa.