Biashara Pasipo Fedha

Wasikilizaji wetu, leo twataka tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo huenda wengi wetu hatujalifikiri kamwe. Kama tungeamka kesho alfajiri tukaona kwamba fedha zote zimetoweka duniani, watu wangenunua na kuuza kwa namna gani? Mashamba yangekuwapo vile vile, na ng'ombe wangekuwapo, wala mikono ya mafundi isingepotewa na ustadi wake. Kilichopungua ni kile kitu kidogo tukifungacho katika pindo la kanga. Je, hasara yetu ingekuwa nini?

Jibu mojawapo twaweza kulipata Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1874 alifika huko msafiri Mwingereza, jina lake Verney Lovett Cameron, naye alitaka mashua ya kuzungukia ziwa. Mashua ilikuwapo, mali ya Said bin Habib, lakini wakili wake alitaka alipwe pembe za ndovu, na Cameron hakuwa nazo. Akasikia kwamba Muhammad bin Salih anazo pembe, ila ahitaji nguo. Na nguo pia Cameron hakuwa nazo. Hata mwisho akapata habari kwamba Muhammad bin Gharib anazo nguo, naye ataka waya. Waya Cameron alikuwa nayo. Basi waya ikaenda kwa bin Gharib, nguo zikaenda kwa bin Salih, pembe zikaenda kwa wakili, ndipo mashua ikapatikana.

Angalieni basi: watu wanne kwa mashua moja! Lau bin Gharib angalitaka majembe badala ya waya, safari ingalikwama papo hapo.

Shida ya pili ni ya hesabu. Tuseme sokoni kuna vitu 5 tu: mahindi, chumvi, samaki, vyungu na majembe. Kwa kuwa kila kitu hupimwa kwa kila kingine, imetupasa kukumbuka bei 10. Vitu vikiwa 100, bei zitafika 4,950. Wanafunzi na wajaribu hesabu hiyo wenyewe. Lakini tukiwa na kipimo kimoja cha vitu vyote, bei 100 zatosha.

Shida ya tatu ndiyo iumizayo zaidi. Mwenye samaki wabichi hana budi kuwatoa kabla ya jua kuchwa, na mwenye chumvi aweza kungoja hata mwezi ujao. Basi mwenye kungoja humshinda mwenye haraka, naye huchukua samaki wengi kwa chumvi kidogo.

Watu wa Ujiji hawakukaa na shida hizo bila ya kuzitafutia dawa. Sokoni kwao walitumia ushanga uitwao sofi, uliofanana na vipande vya shina la kiko. Soko lilipoanza, walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi, wakiwabadilishia wanunuzi shanga zao za namna nyingine. Soko lilipokwisha, waliupokea tena ushanga ule kwa wauzaji, na kila mara walipata faida yao. Kwingineko katika Afrika ya Mashariki watu walitumia kauri, majembe, chumvi, au nguo ya merikani. Twaona basi kwamba hata pasipo sarafu, watu wakikutana sokoni hutafuta kitu kimoja ambacho kila mtu yu tayari kukipokea.

Lakini iko njia nyingine tena, nayo ni kuaminiana. Tuwaze mjane mfinyanzi ahitajiye mahindi mwezi wa njaa. Jirani yake humpa kibaba, asitake kitu siku ile, kwani ajua kwamba chungu chake kikivunjika, mjane atamfinyangia kingine. Hapa hapana ushanga wala shilingi. Pana deni na kumbukumbu. Vijijini watu wengi wameishi hivyo, wakilimiana na kujengeana nyumba.

Walakini njia hiyo ina mpaka wake. Mgeni asiyejulikana hapewi kibaba kwa ahadi, na mjane yule akihamia nchi ya mbali, heshima yake haimtangulii. Huko ndiko fedha imfaapo mnyonge: mwenye duka haulizi ukoo wake, huangalia kilichomo mkononi mwake tu. Nayo ina ubaya wake, kwani mtu aliyezoea kulipa kila kitu kwa fedha huweza kumsahau jirani yake, hata siku ya msiba akajiona yu peke yake.

Basi na tutunze vyote viwili. Tuweke akiba, maana haba na haba hujaza kibaba. Tena tulipe madeni yetu kwa wakati, hata yale yasiyoandikwa. Shilingi ikipotea hutafutwa nyingine, lakini mtu aliyepoteza uaminifu wake, hata Cameron na waya yake yote asingeweza kumnunulia mwingine.